Jinsi ya Kushona Kava la Dashibodi Lisilopendeza

Mwongozo huu ni wa mtu anayeendesha gari kati ya Mafinga na Mgololo, au kokote kule Nyanda za Juu Kusini ambako jua la saa sita halina aibu, na ambaye amechoka kuiona dashibodi yake ikielea ndani ya kioo cha mbele, mahali pale pale alipotarajia kuliona lori la magogo. Ameambiwa dawa yake ni kava. Ameambiwa kweli. Lakini kabla hajatoa noti mfukoni asome kwanza hadi mwisho, maana njia ya kutoka dukani hadi kwenye kioo kinachoona imejaa watu wema, na kila mmoja wao amepania kulipendezesha gari lake.

Kanuni ni moja, na yote yanayofuata ni ufafanuzi wake: kava zuri ni lile ambalo hakuna aliyewahi kulisifu. Siku abiria atakapopanda, akatazama mbele na kusema, "Aisee, hapa umetisha," jua kwamba kazi imeharibika na inabidi uanze upya.

1. Mfahamu adui

Mgeni hudhani anapigana na jua. Jua halina ugomvi naye. Linapiga dashibodi, dashibodi inautupa mwanga juu, na kioo kilicholala kimshazari kinanasa sehemu ya mwanga huo na kumrushia dereva machoni. Kioo cha kawaida, ukijumlisha nyuso zake mbili, hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaokipiga wima. Mwanga ukija kwa mshazari, kama huu wa dashibodi, kiasi hicho hupanda, na huweza kufika maradufu. Asilimia hizo ni kidogo mpaka ukumbuke kwamba ni za mwanga wa jua la mchana mweupe.

Wazee walioendesha Land Rover za zamani watakuambia hawakuwahi kuliona tatizo hili, na hawakudanganyi. Kioo cha gari lile kilisimama wima kama askari, na mbele ya dereva palikuwa na ukingo mwembamba wa bati usiotosha hata kuwekea sahani. Gari dogo la Kijapani la leo lina kioo kilicholala sana na dashibodi pana inayotosha kuanikia mahindi. Na kama aliyeliagiza alichagua la ndani rangi ya krimu, kwa kuwa krimu inaonekana ya kitajiri, basi amenunua kurunzi inayomulika juu mchana kutwa.

Kalenda nayo haikusaidii. Wilaya ya Mufindi iko kati ya nyuzi 8 na 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mnamo katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari. Februari kuna mawingu na mvua, na dereva ana matatizo mengine ya kumshughulisha, hasa tope. Oktoba hakuna msamaha. Ni kiangazi kikavu, vumbi jekundu limetanda, na jua linaingia kupitia kioo moja kwa moja hadi kwenye dashibodi, saa ambayo wewe unasema afadhali halikupigi usoni.

Sasa ingia kwenye msitu wa Sao Hill, uone hila yenyewe. Ukiwa kwenye uwazi, barabara ya vumbi inang'aa, na taswira ya dashibodi humezwa na mwanga wa nje. Lakini barabara inapokaribia kivuli cha misindano huku gari lako bado likiwa juani, mambo yanageuka. Mbele ni giza, dashibodi ni mwanga, na kioo siku zote hukuonyesha chenye mwanga. Kwa sekunde mbili tatu unaona matundu ya kipupwe, kalenda ya mwaka juzi na risiti ya mafuta, vyote vikielea juu ya barabara. Nyuma ya risiti hiyo kuna mama na mtoto mgongoni, amebeba kuni, anatembea ukingoni upande wa kushoto. Anadhani umemwona.

Ni kwa ajili ya sekunde hizo mbili tatu tunashona kava. Ukilikumbuka hilo, utakuwa na nguvu ya kumkatalia kila mtu tutakayemtaja hapa chini.

2. Nenda sokoni ukiwa mkaidi

Ukifika kwenye maduka ya vitambaa Mafinga, au Mwanjelwa ikiwa uko upande wa Mbeya, usiseme unatafuta kitambaa cha dashibodi. Ukisema hivyo utaletewa manyoya. Ni manyoya marefu, mororo, ya rangi ya maziwa au nyekundu, yale yaliyoteka mioyo ya madereva wa daladala na malori nchi nzima. Kuyapapasa ni raha tupu. Kazi yake halisi ni kuhifadhi vumbi la Igowole na kukugawia taratibu kila gari linapodunda shimoni.

Sema tu kwamba unataka kitambaa cheusi, kizito, kisichong'aa. Muuzaji atakuuliza kwa upole kama kuna msiba. Ukikanusha ataleta cha maua. Ukinyamaza atakupa pole na kushusha bei. Dhamiri yako ikuamulie.

Atakavyokuonyesha ni hivi.

Sateni nyeusi. Ni nyeusi dukani tu. Ikipigwa na jua inageuka kioo cha pili chini ya kioo cha kwanza. Waachie maharusi.

Ngozi ya plastiki. Fundi wa viti ataipigia debe kwa sababu ana jora zima limelala dukani. Inang'aa, na ikipata moto hutoa mvuke unaokwenda kuganda upande wa ndani wa kioo kama utando wa mafuta. Umenunua kitu cha kuondoa ukungu, chenyewe kinatengeneza ukungu.

Chui. Madoa meusi yanafanya kazi yake vizuri. Kasoro ni sehemu zilizobaki. Kuanzia Nyololo hadi Kibao utakuwa na chui hewani mbele yako, na akitokea wa kweli hutamtofautisha.

Kaniki. Hapa tunaanza kuelewana. Ni rahisi, inapatikana, na bibi yako anaikubali. Nguo mpya ya pamba huwa na wanga unaoipa mng'ao, kwa hiyo ifue mara kadhaa kabla ya kuikata. Tena ni nyepesi. Bila bitana nzito itainuka upepo wa dirishani ukiingia.

Mahameli meusi. Hiki ndicho kitambaa chenyewe. Uso wake ni msitu wa nyuzi fupi zilizosimama. Mwanga unaingia katikati yake, unagonga uzi huu na ule, na unaishia humo humo. Karatasi nyeupe hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Mahameli meusi mazuri hurudisha asilimia chache tu. Huna haja ya kununua mapya. Kwenye mitumba tafuta pazia zito jeusi lililotoka kwenye ukumbi au sebule ya huko Ulaya, ambako walilitumia kuzuia mwanga usiingie ndani. Pazia hilo lina uzoefu wa kazi.

Ila mahameli yana uelekeo. Ukiyapapasa huku yanalala na kung'aa kidogo. Ukiyapapasa kule yanasimama na kuwa meusi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kukata, yajaribu. Egesha gari juani saa sita, pua ikielekea kitu cheusi: mlango wa banda ulio wazi, au msitu wenyewe. Tandaza kipande cha mahameli kwenye dashibodi, weka karatasi nyeupe kando yake, kisha kaa kwenye kiti cha dereva. Kaa, usichungulie kupitia dirishani, kwa sababu kioo kinasema kitu tofauti na kila pembe ya macho. Karatasi utaiona inaelea nje. Kigeuze kitambaa upande huu na ule mpaka kwenye kioo pasionekane kitu chochote mahali kilipo, kisha tia alama ya chaki inayoonyesha upande wa kioo. Umeshamaliza nusu ya kazi, na majirani wanakushangaa kwa nini umekaa ndani ya gari lisilokwenda.

3. Kata karatasi kabla ya kukata nguo

Katika hatua hii mtu wa Mgololo ana jambo la kujivunia. Kiwanda cha karatasi, kilichoanza kuzalisha miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills na ambacho leo ni Mufindi Paper Mills, kinakula misindano. Nyuzi ndefu za mti huo ndizo zinazotoa karatasi ya khaki yenye ubavu wa kubeba saruji bila kupasuka. Mgeni akifika akanusa harufu ya mayai yaliyooza, asifungue boneti. Gari lake ni zima. Ni salfa inayotumika kupikia vipande vya mbao mpaka viwe rojo.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo utakayochorea kava. Chukua mfuko wa saruji wa karatasi uliokwisha kazi, ukung'ute mbali na nguo zilizoanikwa, upasue mshono. Mfuko una matabaka. Chukua la katikati, ambalo halijagusa saruji wala mvua. Ni gumu kiasi cha kushika umbo, na laini kiasi cha kukunjika. Gazeti halifai: linalegea, linachanika kwenye kona, na utajikuta umesimama unasoma matokeo ya ligi ya msimu uliopita.

Safisha dashibodi kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke. Tandaza karatasi, ishikize katikati kwa tepu, kisha elekea pembeni, upande mmoja kwanza halafu wa pili. Bonyeza kwa ukucha kwenye mfereji ambapo dashibodi inakutana na kioo, upate mstari. Usikate kwenye mstari huo. Rudi nyuma upana wa kidole kizima, kwa sababu tutakazozieleza.

Ugumu uko kwenye kile kibanda kinachofunika saa za mwendo na mafuta. Karatasi ikifika pale inakunjamana na kukasirika. Usiilazimishe. Ipasue kutoka ukingoni hadi kwenye kilele cha kibanda, pandanisha pande mbili za mpasuko mpaka zilale, kisha bandika tepu. Pale zilipopandana ndipo fundi atakapobana mshono. Ukiiondoa karatasi, isilale tena bapa mezani. Ibaki na nundu yake. Kama imelala bapa, umepima meza.

Mwisho andika kwa maandishi makubwa neno JUU upande wa juu, na DEREVA upande wa kulia. Usidharau hili. Fundi akiigeuza karatasi bila kujua, matundu yote yatahamia upande wa pili, kava litatoka safi kabisa, limekaa sawasawa kwa ajili ya gari lenye usukani wa kushoto, na wewe utaanza kutafuta mnunuzi Kongo.

4. Mahali ambapo mkasi hauna utani

Hapa tucheke kidogo, halafu tuache. Magari mengi yaliyotoka Japani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yana kifuniko mbele ya abiria wa kushoto, kimeandikwa SRS AIRBAG. Chini yake kuna eabegi. Gari likigonga, mfuko huo unafura na kutoka katika muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na haupigi hodi. Kitambaa kilichogandishwa juu yake kinaweza kuuchelewesha au kuupeleka upande usiotakiwa. Kitu kigumu kilichokaa juu yake, iwe chupa ya marashi au simu, kinarushwa usoni kwa abiria kwa kasi ile ile.

Kwa hiyo chora mzingo wa kifuniko chote kwenye karatasi na ulikate eneo hilo kabisa. Eneo hilo litabaki wazi na litarudisha mwanga kidogo. Livumilie. Fundi akikuambia, "Eabegi za magari haya zimeshakufa, bosi, funika tu," muulize amejuaje. Njia ya uhakika ya kujaribu ni moja, na hakuna aliyewahi kuirudia kwa hiari.

Pili, matundu yaliyo chini ya kioo, yale yanayopuliza hewa juu. Mwezi wa saba Mufindi kuna baridi ya kugandisha umande kwenye mabonde ya chai, na ukungu unaoweza kukaa barabarani hadi saa nne asubuhi. Asubuhi hiyo utawasha kipulizio, na kama kava limeziba matundu, hewa itazunguka chini ya mahameli ikiyapasha joto vizuri sana, huku kioo kikibaki cheupe. Ndiyo maana tulirudi nyuma upana wa kidole.

Tatu, kama kipupwe cha gari lako hujirekebisha chenyewe, kuna kidude cha duara, kama kifungo cheusi, kwenye kona ya dashibodi karibu na kioo. Hicho ndicho kinachoinusia mashine nguvu ya jua. Ukikifunika, gari litaamini ni usiku na kukupikia mchana. Kitobolee tundu lake.

5. Kwa fundi

Mpe fundi cherehani kazi hii asubuhi, kabla wateja hawajamzidi na kabla ubunifu haujampanda. Mpe karatasi, mahameli yenye alama ya chaki, bitana ya pamba nyeusi na uzi mweusi wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza upesi juani. Mkabidhi kila kitu, hata uzi. Mwongozo huu umeona makava mengi meusi yaliyozungushiwa pindo la manjano kwa sababu uzi mweusi ulikuwa umekwisha.

Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Bosi, pembeni nikuwekee utepe wa dhahabu?"

"Hapana, fundi. Mweusi."

"Basi katikati nitarizi nembo ya gari."

"Hapana, ndugu yangu."

"Jina la mtoto je? Bei haiongezeki."

Hapa wengi huanguka. Jina la mtoto lina uzito wake, na uzi mweupe juu ya mahameli meusi unasomeka vizuri mno. Ndilo tatizo. Utalisoma kinyumenyume juu ya barabara kila siku kuanzia saa nne hadi saa tisa. Kama unampenda mtoto, muone anapovuka.

"Sasa, bosi, watu watajuaje kwamba nimeshona mimi?"

Mwambie ukweli: hawatajua. Muongezee kitu kidogo kwenye malipo kwa maumivu hayo.

Kuhusu kulishikiza, epuka gundi ya viatu. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani likiwa limefungwa huweza kupita nyuzi joto 70. Gundi inalainika, inatoa mvuke, na mvuke wote unakwenda kwenye kioo. Vipande vidogo vya velkro kwenye kona nne na viwili katikati vinatosha, na kava litatoka kirahisi siku ya kufuliwa. Nyuma yake shona kipande cha mpira wa matundu, ule wa kuzuia zulia lisiteleze. Barabara ya Mafinga hadi Mgololo ni takriban kilomita 80, na kava lisiloshikizwa vizuri litafika likiwa mapajani mwa abiria.

6. Jilinde na wanaokupenda

Kava limekaa. Kioo kinaona. Kwa muda wa siku chache utakuwa dereva mwenye furaha. Kisha wataanza kuja.

Wa kwanza ni kijana wa kuosha magari. Ana chupa ya polishi yenye silikoni, na kwake dashibodi isiyong'aa ni gari lisilooshwa. Atakupulizia bure, kama heshima. Mwambie kabla hajaanza, si baada ya kumaliza, maana silikoni ikinywewa na mahameli haitoki, na ikirukia kioo utaipangusa hadi Krismasi. Akikuuliza kwa nini hutaki ing'ae, usimweleze habari za pembe za mwanga. Mwambie una mzio.

Wa pili ni mama watoto, ambaye ameona sehemu tambarare nyeusi na moyo wake ukaijaza maua ya plastiki. Wa tatu ni shemeji aliyetoka Dar es Salaam na zawadi ya mbwa mdogo anayetikisa kichwa. Wa nne ni boksi la tishu, jeupe, la mraba, lisilojulikana lililetwa na nani. Hakuna haja ya kugombana na ndugu kwa ajili ya mbwa. Pokea zawadi kwa mikono miwili, shukuru, mweke mbwa kwenye kioo cha nyuma atikisie walio nyuma yako.

Wa tano ni wewe mwenyewe, hasa kama unabeba mbao au magogo. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu, TP, inakaa dashibodini ili vizuizini usipoteze muda kuitafuta. Busara hiyo inaeleweka. Lakini TP ni karatasi nyeupe, na mahali unapoiweka, mbele yako kidogo kushoto, ndipo taswira yake inapoangukia ukingo wa barabara wenye watoto wa shule na baiskeli. Umetumia mahameli ya mita moja na nusu, umekosana na fundi, umemkwepa shemeji, kisha umetandika juu yake karatasi yenye muhuri wa serikali. Hati zina mfuko wake mlangoni. Kama huna mfuko mlangoni, fundi yule yule atakushonea, na huo anaruhusiwa kuutarizi atakavyo.

Stika za kioo nazo zipitie. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017. Kama stika yake ya mwisho bado imeng'ang'ania kwenye kona, iage kwa wembe na maji ya sabuni.

7. Vumbi halichagui kitambaa

Mahameli meusi yaliyofunikwa vumbi jekundu la Mufindi si mahameli meusi tena. Ni zulia la kahawia, na kahawia inarudisha mwanga. Wakati wa kiangazi litoe kava kila wiki, likung'ute nje upepo ukiwa mgongoni, lipige brashi kufuata uelekeo ule wa chaki, lirudishe. Mvua zikianza unaweza kupumzika kidogo.

Likifika mwaka hivi juani, litaanza kugeuka rangi, kutoka weusi hadi ukutu. Hapo liangalie kwa kipimo kile kile cha karatasi nyeupe. Likionekana kwenye kioo, shona jingine. Karatasi ya khaki unayo bado, kama hukuwapa watoto wafunikie madaftari.

Na ufute kioo kwa ndani. Wengi huosha nje tu. Upande wa ndani hujaa utando wa vumbi, moshi na mvuke wa plastiki, na utando huo ndio unaogeuza taswira iliyo hafifu kuwa ukungu mzima. Maji yenye siki kidogo, kisha gazeti kavu. Hapa ndipo gazeti lina kazi.

8. Mng'ao ambao kava haliutibu

Mwongozo mwaminifu hutaja mipaka yake. Jua la asubuhi likiwa limekaa usawa wa macho, unapotoka Mbeya kuelekea Makambako, halipiti kwenye dashibodi. Linakuja moja kwa moja, na dawa yake ni kushusha kikinga jua na kupunguza mwendo. Jioni ukirudi litakusubiri upande wa pili. Kava halihusiki.

Miwani ya polaroidi inasaidia, kwa kuwa huchuja sehemu ya mwanga uliorudishwa na kioo, lakini si kila miwani myeusi ya stendi ni polaroidi hata ikiandikwa hivyo. Ivae juani, itazame taswira ya dashibodi, inamisha kichwa begani. Kama ni ya kweli, taswira itazidi kuonekana kadiri unavyoinama. Kama hakuna kinachobadilika, umenunua giza. Miwani ya kweli pia inaweza kufanya kioo cha simu kiwe cheusi ukikitazama kwa pembe fulani, nayo ni faida ya ziada kwa dereva.

Kioo kilichotobolewatobolewa na kokoto za malori kinatawanya mwanga kwa kila kovu, na waipa zilizochoka zinakichora mistari ya upinde. Hicho ni cha kubadilishwa. Dereva anayekuja na taa zote zikiwa juu usiku ni wa kuombewa. Na kama barabara inameremeta, inagawanyika mara mbili, na misindano inakusalimia "Kamwene", huo ni mng'ao wa pombe ya ulanzi. Egesha.

9. Maswali ya wenye haraka

Je, naweza kuipaka dashibodi rangi nyeusi nikamaliza? Unaweza, kama ni rangi isiyong'aa na kama umeshaamua kutoliuza gari hilo kamwe. Marubani wana utaratibu huo huo: sehemu iliyo juu ya saa za ndege, chini ya kioo, huwa nyeusi isiyong'aa, na hakuna anayeitarizi jina la mtoto.

Je, taulo jeusi halitoshi? Linatosha kabisa, hadi litakapoteleza kwenye mteremko na kuingia chini ya breki. Lishikize.

Je, trafiki atasumbua? Akisimamisha gari lenye dashibodi nyeusi isiyo na kitu, hatakuwa na la kusema kuhusu dashibodi. Ataendelea na mengine.

Je, gari langu halitaonekana la kimaskini? Litaonekana. Atakayekuwa akiona ni wewe.

Na mimi sina gari, naomba lifti tu kutoka Mgololo hadi Mafinga, yananihusu nini haya? Yanakuhusu kuliko wote. Ile kofia nyeupe uliyoivua ukaiweka dashibodini ulipoingia, ichukue uipakate.